Boti ya faiba imechakaa: jelikoti au rangi? Anza na dalili

Ubavu wa boti ukishafifia, mwenye boti huuliza: nipige jelikoti upya au nipake rangi? Fundi naye hujibu kile alichozoea kukifanya. Wa jelikoti atasema jelikoti, aliyetoka gereji ya magari atasema rangi, na wote wawili watakuwa wamejibu kabla ya kuishika boti. Ukweli ni kwamba boti kuukuu ina dalili zake, na dalili ndizo zinazoamua. Kuna dalili zisizohitaji jelikoti wala rangi. Kuna zinazoiondoa jelikoti kabisa kwenye hesabu. Na kuna zile ambazo ukipaka chochote juu yake, umelipia kuficha ugonjwa.

Jelikoti ni rezini (gundi ya maji inayoganda) ya poliesta iliyotiwa rangi, ya ukoo mmoja na rezini iliyoshika nyuzi za faiba yenyewe. Kiwandani ndiyo hutangulia kuingia kwenye kalibu, kisha faiba hulazwa nyuma yake. Ndiyo maana boti mpya hutoka inang'aa bila mtu kuigusa na msasa. Unene wake ni kama nusu milimita. Rangi ya makopo mawili ya poliuretani (kopo la rangi na kopo la hadena, dawa ya kuigandisha), tabaka zake zote kwa pamoja, kwa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita tu. Kwa hiyo jelikoti unaweza kuisugua na kuipiga polishi miaka na miaka. Rangi hung'aa tangu siku ya kwanza, lakini ukiisugua kwa nguvu hukawii kuiona praima, rangi ya msingi iliyo chini yake. Na jelikoti unayoipaka mwenyewe kwa rola au brashi haina kalibu ya kuilainisha: itakauka na mabonde na vilima, na wewe ndiye utakayevisawazisha kwa msasa, ubavu mzima, mpaka mabega yaume.

Kwanza ujue juu kuna nini

Boti nyingi zinazouzwa mkono wa pili huku pwani zimeshapakwa rangi, na muuzaji ama hajui ama hasemi. Fungua skrubu za chuma kimoja cha kufungia kamba, ukiinue, uangalie ukingo wa tundu kwa tochi. Ukiona rangi moja nene inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye faiba, hiyo ni jelikoti ya kiwandani. Ukiona mistari myembamba iliyopangana, buluu juu ya nyeupe juu ya kijivu, kuna mtu alishapita hapo na brashi.

Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ukibandike mahali pasipoonekana kwa dakika moja, halafu usugue. Rangi ya kopo moja, ile ya mafuta, italainika na kuchafua kitambaa. Rangi ya makopo mawili iliyokauka vizuri haitoki, na jelikoti haitoki.

Kama kuna rangi, suala la jelikoti linaishia hapo, isipokuwa uko tayari kuisaga rangi yote mpaka ufike chini. Stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye jelikoti, huilainisha rangi na kuiinua, na kile kinachobaki hakishiki. Kama kuna epoksi, aina nyingine ya rezini, mambo ni yaleyale kwa sababu nyingine: poliesta haiaminiki juu ya epoksi. Kinyume chake hakina tatizo. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyosuguliwa, na rangi hushika juu ya epoksi. Kumbuka mpangilio huo, maana ndio unaotatua nusu ya ubishi wa ufukweni.

Dalili: ukipitisha kiganja kinatoka cheupe

Hilo ni jua. Mionzi imeula uso wa jelikoti, na unga unaouona ni jelikoti yenyewe iliyokufa juu juu. Chini yake mara nyingi kuna jelikoti nzima ya kutosha.

Chagua eneo la futi moja kwa futi moja upande uliopigwa zaidi na jua. Lioshe kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, lipige kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arishia), kisha nta. Likirudi kung'aa, usinunue jelikoti wala rangi. Nunua kompaundi na nta, ufanye boti yote. Likigoma, jaribu msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 1500, ndipo kompaundi. Likigoma tena, au ukianza kuona kivuli cha kijani au kijivu na alama za nyuzi zikijitokeza, jelikoti imekwisha unene. Hapo ndipo swali la jelikoti au rangi linapoanza kuwa na maana.

Nimeona boti ambazo zingepona kwa kopo moja la kompaundi zikipakwa rangi ya mafuta, kwa sababu tu rangi ilikuwa karibu. Mwaka wa pili zinabanduka, na tangu hapo mwenye boti amejiandikia kupaka kila mwaka.

Dalili: nyufa

Usiseme "ina nyufa" ukaishia hapo. Umbo la ufa ndilo linaloeleza chanzo.

Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja, kama nyota, ni za pigo: boti iligonga gati, au kuna aliyeangusha nanga. Gonga eneo hilo kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu na kali ni faiba nzima. Sauti iliyofifia, kama ya kitu chenye uwazi ndani, ina maana tabaka za faiba zimeachana, na kazi yako sasa ni kukata na kulaza faiba upya kabla ya kufikiria sura.

Nyufa zilizopangana sambamba, hasa kwenye pembe za ubao wa nyuma unaobeba mashine au pale sitaha inapokutana na ubavu, ni za kunyumbuka. Boti iliundwa kwa mashine ya hosipawa 40, akaja mtu akafunga 75. Ukiziba nyufa hizo kwa jelikoti zitarudi palepale. Ukizipaka rangi zitatokeza juu ya rangi. Dawa iko ndani: ongeza faiba au mataruma (mbavu za ndani) mpaka eneo liache kucheza, ndipo urudi nje. Na kama ukikanyaga sitaha kwa kisigino inabonyea, au ubao wa nyuma ukitoboa tundu dogo unatoa maji ya kahawia, plaiwudi ya ndani imeoza. Weka brashi chini kabisa. Hiyo ni kazi nyingine, na ni kubwa.

Nyufa nyembamba kama nywele zilizosambaa kila mahali, bila mwelekeo, kwa kawaida ni jelikoti iliyowekwa nene mno tangu mwanzo au iliyozeeka na kukakamaa. Hapa ndipo rangi inaposhinda waziwazi, kwa sharti kwamba unaziziba kwanza. Kupaka juu yake tu hakusaidii, kwani rangi nyembamba haina uwezo wa kushikilia ufa usifunguke. Nyufa chache zifungue kwa ncha ya chuma ziwe na umbo la mfereji, ujaze pati ya epoksi. Zikiwa eneo zima, saga jelikoti hiyo, paka praima nzito ya epoksi, halafu rangi.

Kuhusu pati: usitumie bodifila ya gari chini ya mstari wa maji. Ni rahisi, inakauka upesi, na kila duka la vipuri linayo, lakini hunywa maji. Ukiona kiraka cha zamani kimevimba au kinatoka kama ganda, hicho ndicho kisa chake. Juu ya maji itakuvumilia kidogo, chini haikuvumilii.

Dalili: malengelenge chini ya mstari wa maji

Boti ikiwa imepandishwa, pitisha kiganja tumboni mwake. Ukisikia vipele, vingine vidogo kama punje, vingine vikubwa kama sarafu, vaa miwani kisha toboa kimoja. Miwani si mapambo: maji ya ndani yamo chini ya shinikizo na yanaweza kuruka.

Kikitoka kimiminika chenye utelezi na harufu kali ya kama siki, ni osmosisi. Maji yamepenya polepole kwenye jelikoti, yakachanganyika na mabaki ya kemikali ndani ya faiba, yakatengeneza asidi inayozidi kuvuta maji. Kikiwa kikavu, au lengelenge liko kati ya rangi na jelikoti tu, hilo ni kosa la rangi. Ruka uende sehemu ya kubanduka.

Kwa osmosisi ya kweli, jelikoti haitakiwi tena. Fungua malengelenge yote, saga mpaka faiba nzima, osha kwa maji baridi mengi, tena na tena, ili asidi na chumvi vitoke. Kisha acha ikauke. Kubandika jelikoti mpya juu ya faiba iliyolowa ni kufungia maji ndani. Kinachofuata ni epoksi, tabaka kadhaa hadi kufika kama robo milimita au zaidi, na juu yake rangi ya chini yenye sumu ya kuzuia viumbe na majani kushika.

Shida yetu hapa ni kalenda ya maji. Watu hupandisha boti kwenye bamvua na kutaka kuishusha bamvua linalofuata, yaani kama wiki mbili. Kwa kompaundi na nta zinatosha. Kwa rangi zinatosha ukijipanga. Kwa faiba yenye osmosisi hazitoshi. Kukauka huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kupima ni rahisi: kata kipande cha nailoni angavu, kibandike tumboni mwa boti kwa tepu pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta umande upande wa ndani, bado. Mwenye boti atalalamika kwamba anapoteza wageni. Ni kweli anapoteza. Msimu wa masika, biashara ikiwa imelala, ndio wakati wa kuipandisha boti chini ya paa, si Desemba.

Dalili: rangi inabanduka kwa mapande

Chukua pande moja uligeuze. Mgongo wake ukiwa laini na unang'aa, rangi haikushika tangu siku ya kwanza. Mara nyingi chanzo ni nta. Fundi alipiga msasa kwanza, akafuta baadaye. Msasa ukaisukuma nta ndani ya mikwaruzo. Mpangilio sahihi ni kinyume: futa nta kwanza kwa kitambaa chenye kiyeyushi, fuatisha kitambaa kikavu kabla hakijakauka, badilisha vitambaa mara kwa mara, ndipo upige msasa namba 180 hadi 220. Mwagia maji. Yakitandaa kama shuka, nta imetoka. Yakijikusanya matone, rudia.

Mgongo wa pande ukiwa na unga mweupe, walipaka juu ya jelikoti iliyokufa bila kuisugua. Ukiwa na rangi nyingine, basi rangi ya chini ndiyo iliyoachia, na kila utakachopaka juu yake kitaondoka nayo.

Rangi ikitoa malengelenge karibu na mstari wa maji tu, sababu ni nyingine. Poliuretani nzuri ya ubavuni haikutengenezwa kukaa ndani ya maji muda wote. Mafundi huchora mstari boti ikiwa tupu. Boti ikishapakia abiria, mafuta na mitungi ya wazamiaji, inazama zaidi, na ukanda wa rangi unaishi majini. Pakia boti kama siku ya kazi, tia alama maji yanapofika, ongeza upana wa vidole vinne. Chini ya hapo epoksi na rangi ya chini; juu ya hapo poliuretani.

Ukifika hapa na bado una hiari

Yaani jelikoti ya kiwandani ipo, haijapakwa rangi, haina osmosisi, ila imekwisha unene au imechakaa kuliko polishi. Kwa boti nyingi za kazi mimi nasema rangi ya makopo mawili. Piga hesabu: kilo moja ya jelikoti inafunika kama mita moja na nusu za mraba kwa unene wa nusu milimita. Boti yenye mita 20 za mraba inahitaji kilo 13 au 14, na baada ya hapo siku za msasa. Rangi lita moja inafunika kama mita 10 kwa tabaka, kwa hiyo tabaka tatu ni kama lita 6, na ikikauka imekwisha.

Jelikoti naichagua pale ambapo boti inapaa mchangani kila siku, kama boti nyingi za kuvua na za kuvusha watu. Mkuku (uti wa chini wa boti) na tumbo la omo (sehemu ya mbele) vinasagwa na mchanga na mawe, na rangi ya sehemu ya kumi ya milimita haimalizi msimu. Hapo weka jelikoti nene, usijali sana ung'avu. Viraka vidogo kwenye boti ambayo bado ina jelikoti yake, navyo ni vya jelikoti. Hakuna sheria inayosema boti nzima iwe kitu kimoja: jelikoti chini mbele, rangi ubavuni, ni mpangilio unaofanya kazi vizuri tu.

Jambo moja kuhusu mapafu. Hadena ya poliuretani ina aisosayaneti, na ukiipuliza kwa bomba bila barakoa ya kuletewa hewa safi, unaweza kupata pumu isiyokuachia maisha. Kitambaa puani si kinga. Ufukweni paka kwa rola ya sponji, mwenzako akufuate na brashi laini kulaza mapovu. Inatoka nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Dalili: jelikoti mpya inanata

Imepita siku, bado inashika vidole. Usiongeze hadena juu yake, haisaidii kitu. Futa kwa asetoni sehemu ndogo. Ikiwa chini yake ni ngumu, hakuna kilichoharibika: jelikoti ya kawaida haikauki uso ukiwa unagusa hewa. Tabaka la mwisho lilitakiwa litiwe nta maalumu ya stairini, ile inayopanda juu na kuziba hewa. Futa unato, piga msasa, endelea na kazi. Angalia tu usiiweke nta hiyo kwenye tabaka la kwanza, maana la pili halitashika bila kusuguliwa.

Ikiwa ni laini hadi chini, hadena ilikuwa chache, kuukuu, au haikukorogwa vizuri. Kwangua yote. Kipimo ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo, kwa kufuata kopo, na kwa joto letu la nyuzi 30 wengi hushuka kuelekea 10 ili wapate muda. Chini ya 10 usishuke. Ukitaka muda zaidi, koroga kidogo kidogo na ufanye kazi asubuhi au kivulini. Ukizidisha hadena upande wa pili, itaganda koponi, itachemka, na ikikauka ubavuni itapasuka.

Hadena hiyo inapofua macho, kwa hiyo weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa. Na isikutane kamwe na kobalti (dawa ya kuharakisha rezini kuganda) peke yake. Viwili hivyo vikikutana bila rezini katikati vinaweza kulipuka.

Dalili: rangi ilikuwa inang'aa jioni, asubuhi imefifia

Umande. Rangi ya makopo mawili ikipata unyevu kabla haijashika, uso wake hupauka. Anza asubuhi umande ukishakauka, na tabaka la mwisho lisipite saa nane mchana. Upepo wa kusi ni mzuri kwa kukausha lakini hubeba mchanga; mwagia maji ardhi inayokuzunguka. Iliyofifia tayari, subiri ikauke kabisa, isugue kwa namba 320 au 400, uongeze tabaka moja.

Ikitoa vishimo vya mviringo ambavyo rangi inavikwepa, hiyo ni silikoni au mafuta, mara nyingi kutoka kwenye dawa ya kupulizia ya gari au mikono iliyokula chapati. Kuongeza rangi hakuvijazi. Acha ikauke, sugua, safisha, paka upya.

Dalili: kiraka hakifanani na boti

Boti imefifia kwa jua, kopo lako halijafifia. Piga polishi eneo linalozunguka kiraka kwanza, halafu ulinganishe, kwa sababu nusu ya tofauti ni unga mweupe tu. Changanya rangi kwa matone, weka tone boti ikiwa juani, lifunike na kipande cha nailoni angavu, ulitazame. Nyeupe ya boti kuukuu karibu kila mara inataka chembe ya njano na chembe ndogo zaidi ya nyeusi. Ukishaipata, andika vipimo kwa peni upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la betri, pale ambapo fundi atakayekuja baada yako atapaona.